Maswali Yenu Kuhusu Bunduki: Risasi ya Mguu, Leseni, na Jirani wa Roysambu

Maswali ya safari hii yamelala upande mmoja. Tangu maandamano ya 2024 na 2025 hapa Kenya, kila nikifungua sanduku la barua nakutana na bunduki: nani abebe, nani amefunzwa, risasi ilitoka wapi. Nimechagua machache. Mengine nimeyafupisha, na yule konstebo nimemfichia hata mtaa. Kwa wageni wa safu hii: wananiita Mwalimu kwa sababu niliwahi kufundisha Kiswahili sekondari. Bunduki nilijifunza ukubwani. Nina leseni, na huenda uwanja wa shabaha wikendi pesa zikiruhusu.

Mwalimu, Julai 2025 Rais Ruto alisema anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi ya mguu, asiuawe, apelekwe hospitali halafu kortini. Mimi niliona hiyo ni huruma. Mbona wanasheria walikuja juu? – Kevo, Umoja

Kevo, ndugu yangu, siku moja nitakupeleka Kirigiti, kule Kiambu, ujionee.

Mara ya kwanza ukisimama mita saba kutoka kwa karatasi ya shabaha, unaiona kubwa kama mlango. Unapumua, unalenga, unapiga, na matundu yote yanaingia katika nafasi ya kisahani cha chai. Unajiona fundi. Kisha mkufunzi anakwambia weka bastola chini, kimbia hadi kwenye kile kigingi urudi, piga pushapu kumi, halafu chukua bastola upige tena. Huku anakupigia kelele sikioni. Mikono inatetemeka. Kila ukivuta pumzi mtutu unapanda, ukiitoa unashuka. Ukienda kuangalia karatasi, tundu moja liko begani, jingine kwenye fremu ya mbao, na mengine hayapo kabisa, yamezama kwenye tuta la udongo nyuma. Na karatasi hiyo haikukimbia, haikukurushia jiwe, wala haikuwa na wenzake mia wakiimba.

Sasa chukua mguu wa mtu anayekimbia. Paja lina upana wa kiganja na kidogo, na huenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi kila hatua. Shirika la utafiti la RAND lilipochunguza polisi wa New York mwaka 2008, liligundua kwamba katika majibizano ya risasi ya miaka iliyotangulia, ni kama risasi 18 tu kati ya 100 zilizompata aliyelengwa. Hao ni polisi wanaorudishwa uwanja wa shabaha mara mbili kwa mwaka. Zile 82 zinaenda mahali fulani. Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, polisi wawili walimpiga risasi mtu aliyekuwa ametoka kuua na ana bastola mkononi. Walifyatua risasi 16, na wapita njia tisa wakajeruhiwa na risasi za polisi au vipande vyake. Hebu hamishia hesabu hiyo Tom Mboya Street saa kumi na moja jioni, foleni za matatu zikiwa zimejaa.

Ndiyo maana katika nchi nyingi polisi hufunzwa kulenga kifua, sehemu pana inayosogea polepole. Anayefikiri ni kiu ya damu hajaelewa. Risasi inatakiwa iishie kwa yule aliye hatari, isiende kumtafuta mama anayeuza mahindi ng'ambo ya barabara. Na kanuni hiyo ina upande wa pili ambao wanasiasa huuruka: kama sababu uliyonayo haitoshi kumpiga mtu kifuani, basi haitoshi kufyatua kabisa. Hakuna kiwango cha kati kinachoitwa mguu.

Tena mguu wenyewe si mahali salama. Ndani ya paja mna mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika mtu anaweza kuisha kwa dakika chache, kabla hata hujampata mwenye gari la kumpeleka Hospitali ya Kenyatta.

Upande wa sheria, soma Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Bunduki hutumika tu pale njia nyepesi zaidi zimeshindwa, na zaidi ni kwa ajili ya kuokoa maisha au kuzuia hatari ya kifo au majeraha mabaya iliyo karibu kutokea. Jedwali hilo linataja pia kulinda maisha na mali kwa nguvu zinazostahili, na hapo ndipo watetezi wa kauli ile hujificha. Lakini lile sharti la kwanza linabaki juu ya yote. Kijana anayetoroka na televisheni, au hata aliyetoka kuwasha moto na sasa anakimbia mikono mitupu, anakamatwa. Jedwali hilo hilo linasema askari waliopo lazima wampe aliyejeruhiwa msaada wa matibabu papo hapo, na kutofanya hivyo bila sababu nzuri ni kosa la jinai. Umewahi kuwaona wakifanya hivyo kwenye zile video?

Kwa hiyo anayesema "pigeni mguu" anaagiza kitu ambacho wakufunzi wengi hawakifundishi, na ambacho sheria haijakitaja popote.

Polisi wakipiga risasi hewani kutawanya watu, zile risasi huenda wapi? Sisi tunaishi ghorofa ya tatu na watoto. – Mama Aisha, Mathare

Zinarudi, mama.

Risasi iliyopigwa wima kabisa hurudi ikiwa imepungua kasi, ingawa hata hiyo si ya kuombea ikuangukie utosini. Tatizo ni kwamba hakuna anayepiga wima. Askari anakimbia, bunduki ameinua kwa mkono mmoja, mtutu umelala upande. Risasi ya namna hiyo husafiri kwa kasi yake, na ya bunduki kubwa inaweza kwenda kilomita. Na katika mitaa yetu haihitaji kwenda mbali, maana juu ya barabara kuna roshani, na kwenye roshani kuna watu wanaoanua nguo.

Wewe wa Mathare hunihitaji mimi nikukumbushe Kiamaiko. Usiku wa Machi 30, 2020, polisi wakitekeleza kafyu ya korona, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao, akafa. Afisa mmoja alishtakiwa kwa mauaji.

Onyo ambalo sheria inataka ni hili: askari ajitambulishe, aonye waziwazi kwamba yuko karibu kutumia bunduki, na awape watu muda wa kutii, isipokuwa pale kuchelewa kungehatarisha maisha. Na kila risasi inayotoka, hata isipomgusa mtu, lazima iripotiwe kwa mkubwa wake mara moja. Askari hutia sahihi akichukua bunduki na risasi kwenye ghala la silaha, na hutia sahihi akizirudisha. Zikipungua, hesabu ipo. Kwa hiyo mtu akikwambia haijulikani nani alipiga, mwambie vitabu vifunguliwe.

Nyumbani: zikianza, toeni watoto roshanini na mbali na dirisha, mlale chini, na kama kuna chumba chenye kuta mbili za mawe kati yenu na barabara, kaeni humo. Ukuta wa mabati usiutegemee. Polisi wetu wengi bado wanabeba G3 na AK-47, bunduki zilizobuniwa kwa ajili ya vita. Risasi ya G3 hupita kwenye bati kama hakukuwa na kitu, ikaendelea hadi kwa jirani.

Nina duka la jumla Kamukunji. Nimevamiwa zaidi ya mara moja. Nataka kununua bastola kihalali. Nianzie wapi, na je, unanishauri ninunue? – Mfanyabiashara, Kamukunji

Pole sana. Nitajibu swali la kwanza kwa mkato na la pili kwa urefu, kwa sababu la kwanza hata wakili atakujibu.

Sheria ni Sura ya 114, Sheria ya Silaha za Moto. Anayetoa leseni ni Bodi ya Leseni za Silaha. Utaomba ukiwa na sababu ya msingi, na uvamizi ulioripotiwa polisi ni sababu inayosikika, kwa hiyo tafuta zile namba za OB, kitabu cha matukio cha kituo. Utahitaji cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), ripoti ya daktari ikiwemo ya afya ya akili, na utapekuliwa kuanzia mtaani kwako. Utaulizwa utaihifadhi wapi na utatarajiwa kuonyesha kwamba unajua kuitumia. Leseni huhuishwa kila mwaka. Bunduki za kivita usiulizie. Na usidhani ukishaipata umemalizana na serikali: Desemba 2018 waziri wa usalama wakati huo, Fred Matiang'i, aliamuru kila raia mwenye leseni apigwe msasa upya, na waliodhani majina yao makubwa yatawavusha walipanga foleni kama wengine. Mimi nilikuwa kwenye foleni hiyo na nilifurahi kuipanga.

Sasa ushauri. Jiulize walivyokuvamia. Walikuja wakiwa wamekukabili umbali wa mita kumi, ukiwa umesimama, mkono karibu na kiuno? Au walikukaba kwa nyuma wakati unafunga duka, funguo mkononi na jicho kwenye kufuli? Ninaowajua mimi walishikwa hivyo hivyo, na katika hali hiyo bastola inakuwa tu kitu kingine cha thamani ulichobeba. Kuna majambazi ambao wangekuacha na pesa mradi wapate chuma.

Halafu kuna hesabu ya risasi. Usiniulize bei ya bastola kwanza. Niambie unapanga kupiga risasi ngapi kila mwezi uwanjani, na kama jibu ni sifuri kwa sababu risasi ni ghali na Jumapili ni ya kanisa, basi usinunue. Ustadi wa bastola huoza haraka. Mtu aliyefaulu mtihani mwaka juzi na hajagusa triga tangu hapo ni hatari zaidi ya asiyewahi, maana yeye anadhani anajua.

La mwisho, kujilinda. Kifungu cha 17 cha Kanuni za Adhabu kinasema suala la nguvu ulizotumia kujitetea au kutetea mali huamuliwa kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza. Kwa lugha ya sokoni: nguvu iwe ya lazima na ilingane na hatari. Aliyekuelekezea bunduki, hapo una la kusema. Aliyekupa mgongo anakimbia na bunda la sufuria, ukimpiga, jitayarishe kupanda kizimbani, na sufuria hazitakuja kukutolea ushahidi.

Kwanza punguza pesa taslimu dukani, funga duka mkiwa wawili, badilisha saa ya kutoka. Ukishafanya hayo na bado unaogopa, niandikie tena.

Kwa nini Katiba yetu haikutupa haki ya kumiliki bunduki kama Wamarekani? Je, serikali inatuogopa? – Otis, Buruburu

Otis, swali hili huja kila baada ya maandamano, na siwezi kukulaumu.

Katiba ya 2010 inakupa haki ya uhai, usalama wa mwili wako, na mali. Inapowaweka raia na silaha katika sentensi moja, ninayoikumbuka kwanza ni Kifungu cha 37: una haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Basi. Bunduki kwetu ni ruhusa, na ruhusa hunyang'anywa.

Marekani wana Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791, sentensi moja inayoanza na wanamgambo waliopangwa vizuri na kuishia kwenye haki ya watu kumiliki na kubeba silaha. Wamebishana kwa zaidi ya miaka mia mbili kama sehemu ya kwanza inaifunga ya pili. Mahakama yao ya Juu ilisema mwaka 2008, katika kesi ya Heller, kwamba haki ni ya mtu binafsi, hata nyumbani kwake. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikaipeleka hadi barabarani, na kusema sheria yoyote ya kudhibiti bunduki lazima ifanane na desturi za kihistoria za nchi hiyo.

Lakini kuna kipande cha historia yao ambacho mashabiki wa huku hawakijui, na mimi ndicho kinachonivutia. Chama chao kikubwa cha bunduki, NRA, kilianzishwa mwaka 1871 na maafisa wa jeshi la Kaskazini waliokasirishwa na jinsi wanajeshi wao walivyokuwa wabovu wa shabaha katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lengo lilikuwa mafunzo. Kwa karibu miaka mia kazi yao kubwa ilikuwa kufundisha watu kulenga na kuwinda. Mwaka 1977, katika mkutano wa Cincinnati, kundi la wanachama wakali liliupindua uongozi, na tangu hapo siasa ikashika usukani. Leo zaidi ya nusu ya majimbo 50 ya Marekani humruhusu mtu mzima kubeba bastola iliyofichwa bila kibali chochote, maana yake bila kulazimika kusomea hata saa moja, na NRA ndio waliopigia debe sheria hizo. Chama cha walimu wa shabaha kikaishia kutetea haki ya kutokwenda darasani!

Kwetu siasa ya bunduki haipo Buruburu. Ipo Bonde la Ufa Kaskazini. Mwaka 2004 nchi za kanda zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo, na Novemba 2016 bunduki haramu 5,250 zilichomwa moto Ngong mbele ya kamera. Picha nzuri. Ila mfugaji wa Baringo anayeambiwa asalimishe yake huuliza swali ambalo Mmarekani wa mjini hana: nikiitoa leo, na jirani yangu wa ng'ambo ya mto hajatoa, na kituo cha polisi kiko mwendo wa nusu siku, nani atalinda ng'ombe usiku wa leo? Hoja hiyo naiheshimu. Ya kwako, ya kwamba kijana wa Buruburu mwenye bastola angeizuia serikali isimwonee, siioni. Kule kote kwenye maandamano, kijana mmoja tu angetoa bastola, na kila risasi ya polisi siku hiyo ingepata utetezi wake.

Westgate waliotuokoa walikuwa raia wenye leseni. Hiyo haitoshi kuonyesha tunahitaji raia wengi wenye bunduki? – Msomaji, Parklands

Walituokolea watu wengi, na wasisahaulike. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jumba la maduka la Westgate hapa Nairobi, raia wenye leseni pamoja na polisi wachache waliovaa kiraia waliingia mle ndani wakati wakubwa bado wanajipanga nje. Watu 67 waliuawa na magaidi, na bila wale wa kwanza hesabu ingekuwa mbaya zaidi.

Ila baadhi yao walikuwa wamezoeana katika ulinzi wa mtaa, walijuana sura, walijua nani ana nini. Ukimtoa mtu mmoja mmoja mwenye bastola, asiyejuana na mwenzake, ukamwingiza kwenye moshi ule, polisi atamtofautishaje na gaidi? Siku hiyo hiyo wanajeshi walimpiga kamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, na kumuua, na yule alikuwa askari. Shambulio la hoteli ya DusitD2, Januari 2019, lilisimamiwa vizuri zaidi kwa sababu vikosi vilikuwa na amri moja. Katika hali kama hiyo raia mwenye leseni kazi yake kubwa ni kuwatoa watu nje na kuficha chuma kabla wenye sare hawajafika.

Nilihitimu chuo cha polisi cha Kiganjo, sasa niko kituo kimoja hapa jijini. Tangu chuo nimerudi uwanja wa shabaha mara moja tu. Nabeba G3 kila siku. Na mkubwa akiniamuru nipige, nikatae vipi nibaki na kazi? – Konstebo

Afande, asante kwa kuandika. Najua umejihatarisha.

Nianze na amri. Jedwali la Sita linasema kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Juni 2025 waziri wa usalama, Kipchumba Murkomen, alisema hadharani anayekaribia kituo cha polisi kunyakua bunduki apigwe risasi, kisha baadaye akasema alieleweka vibaya. Sawa. Lakini ukishtakiwa kwa mauaji, jina kwenye karatasi ya mashtaka litakuwa lako. Kwa hiyo ukipewa amri usiyoielewa, iombe tena kwa sauti mbele ya wenzako: "Afande, unaniamuru nipige risasi?" Wakubwa wengi hubadilisha maneno wakisikia swali hilo. Ukirudi kituoni, andika saa, mahali na aliyetoa amri, na kila risasi uliyotumia. Hapo ndipo pa kukulinda.

Kuhusu mafunzo, mwenye kosa si wewe. Kifungu cha 244 cha Katiba kinaitaka Huduma ya Polisi iwafunze maafisa wake kwa kiwango cha juu kabisa cha umahiri na kuheshimu haki za binadamu. Kanuni za msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na bunduki, za mwaka 1990, zinasema askari wapimwe kwa viwango vya umahiri, na anayebeba bunduki aruhusiwe tu baada ya mafunzo maalumu. Chuo ni mwanzo. Mimi ningetaka mtihani mara mbili kwa mwaka kwa polisi na kwa sisi raia wenye leseni sawasawa, na anayeshindwa airudishe bunduki ghalani hadi afaulu, awe konstebo au mbunge. Na nusu ya mtihani iwe ya kutofyatua: mtu ametoa simu, mtu ametoa kitambulisho, mtoto amekimbia mbele. Anayepiga, ameanguka.

Hata zile silaha zinazoitwa za kutuliza ghasia zina darasa lake. Juni 17, 2025, katikati ya jiji, mchuuzi wa barakoa alipigwa kichwani kwa karibu mno, kamera zikiwa wazi, akafa kabla mwezi haujaisha. Polisi wenyewe walisema ilikuwa bunduki ya kutuliza ghasia. Kwa umbali ule na mahali pale, jina la silaha halikumsaidia kitu.

Wakati unangoja uwanja wa shabaha, fanya unaloweza. Omba msimamizi wa ghala akuruhusu mazoezi makavu: bunduki tupu, imekaguliwa na watu wawili, risasi ziko chumba kingine, ujifunze kuvuta triga bila mtutu kucheza. Kidole kikae nje ya triga hadi umeamua kupiga. Nasema hivyo kwa sababu wiki hii nilimwona mwenzako nje ya benki, amejiegemeza kwenye kibanda cha M-Pesa, mkanda wa G3 umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kidole cha shahada kimetulia kwenye triga, na mtutu umeelekea miguuni mwa foleni. Akipiga chafya tu, kesho tungesoma kwamba bunduki ilijifyatua.

Jambo moja la mwisho, na usilichukulie vibaya. Kama hulali, kama unakunywa ili ulale, mwambie mtu kabla ya kwenda kuchukua silaha asubuhi. Desemba 2021, huko Kabete, konstebo alimuua mkewe, akatoka nje akaua wengine, kisha akajiua, yote kwa bunduki ya serikali. Kumpa mtu kazi ya ofisini kwa miezi mitatu ni nafuu kuliko hilo.

Jirani yangu akilewa huweka bastola juu ya meza kwenye baa yetu Roysambu, "ipumzike". Ni haki yake? – Shiru

Hapana. Kulewa au kufanya fujo ukiwa umebeba bunduki ni kosa chini ya Sura ya 114, na ni njia ya haraka ya kupoteza leseni. Usimkabili akiwa amelewa, wala usimpige picha mbele ya uso wake. Ripoti kituoni, chukua namba ya OB, halafu iandikie Bodi ya Leseni. Na ubadilishe baa.

Mtoto wangu anataka bunduki ya plastiki ya Krismasi. – Baba Ryan, Kasarani

Mnunulie ya rangi ya machungwa inayopiga maji, achezee ndani ya ploti. Zile nyeusi zinazofanana na bastola halisi ya Ceska achana nazo. Usiku, askari hataona plastiki.

Baada ya maandamano niliokota maganda ya risasi mlangoni, na moja nadhani haijapigwa. Nifanye nini? – Msomaji, Rongai

Ile ambayo haijapigwa usiiguse tena wala usiiweke ndani. Kuwa na risasi bila leseni ni kosa, na hakuna atakayekuuliza nia yako. Iache ilipo, zuia watoto, piga simu kituoni.

Maganda ni ushahidi, na kuyaokota kumeshapunguza thamani yake, lakini si yote. Yafunge kwenye karatasi, kila moja peke yake, bila kuyafuta, na uandike uliokota wapi, saa ngapi, nani alikuona. Kama kuna mengine bado chini, yapige picha yakiwa hapo hapo na sarafu ya shilingi kumi pembeni ili ukubwa uonekane. Ganda la bastola ya milimita 9 ni fupi na limenyooka. La AK ni la milimita 39, limebanwa shingoni. La G3 ni refu zaidi, milimita 51. Kitako cha ganda huwa na alama za kiwandani, na pini ya bunduki huacha kovu ambalo wataalamu wa maabara ya DCI wanaweza kulilinganisha na silaha iliyotumika.

Kama kuna mtu aliyeumia au kufa karibu na hapo, usiyapeleke kituo kile kile ambacho askari wake walipiga. Yapeleke kwa IPOA, ile mamlaka huru inayochunguza polisi, jengo la ACK Garden, 1st Ngong Avenue. Omba stakabadhi iliyoandikwa idadi ya maganda na ubaki na nakala.